Kwenda Mbeya Kutafuta Pointi Moja

Klabu ya Simba ilihitaji pointi moja tu iwe bingwa wa Ligi Kuu, na pointi yenyewe ilikuwa Mbeya: Jumapili ya Juni 28, 2020, Uwanja wa Sokoine, dhidi ya Tanzania Prisons. Tawi moja la mashabiki wake, la Temeke, likakodi basi. Mimi si mwanachama wa tawi hilo, na kadi ya klabu sina mpaka leo. Nilikuwa fundi wao. Barakoa nyekundu zenye pindo jeupe walizokuwa wakivaa kijiweni nilizishona mimi, na siku katibu alipokuja kuchukua mzigo wa mwisho alinidokeza kwamba kumebaki siti. "Dada fundi, twende ukaione kazi yako uwanjani." Nikakubali kabla hajataja nauli.

Nimezaliwa Temeke, kwa mama ni Mkuranga, na upande wa bara nilikuwa sijawahi kuvuka Morogoro, ambako nako nilikwenda msibani. Mbeya niliijua kwa viazi na mchele wake. Lakini kilichonivuta hasa hakikuwa mji wala kombe. Tangu Machi nilikuwa nasikia mabishano ya mpira urudi au usirudi, redioni, kwenye foleni ya maji na mbele ya cherehani yangu, na kila aliyebisha alizungumza kana kwamba mpira ni wale ishirini na wawili wanaokimbia uwanjani basi. Nilitaka kuwaona wale wengine, wanaotoka nyumbani alfajiri.

Tukumbushane kidogo. Machi 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyeshukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akafunga shule na kusimamisha mikusanyiko kwa siku 30, Ligi Kuu ikiwemo. Siku 30 zikazaa nyingine hadi zikakaribia miezi mitatu. Masoko hayakufungwa. Misikiti na makanisa hayakufungwa. Daladala ziliambiwa zipakie level siti, na Kariakoo watu waliendelea kupigana vikumbo. Kwangu mimi kufungwa kule kulikuwa na maana mbili: sare za shule hakuna, na namba za kubandika kwenye jezi za ndondo hakuna. Kisha barakoa zikaja, na lastiki ikapanda bei hadi mafundi wenzangu wakaanza kuchana fulana kuukuu ili wapate kamba za masikioni.

Mei 21 Rais Magufuli alitangaza kwamba kuanzia Juni 1 vyuo na kidato cha sita wafungue, na michezo iendelee. Mpango wa awali ulikuwa timu zote za Ligi Kuu zimalizie Dar es Salaam bila mashabiki. Ukabadilishwa: nyumbani na ugenini kama kawaida, mashabiki waingie, ila wakae kwa nafasi, wawe wamevaa barakoa na wamenawa. Juni 13 Mwadui wakawakaribisha Yanga kule Shinyanga, na ligi ikawa imerudi. Siku chache baadaye mashabiki walibanana Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, JKT Tanzania ilipocheza na Yanga, na Serikali ikaagiza JKT icheze pale bila watazamaji. Kwa hiyo tulipokuwa tunapanda basi, kila mtu alijua kwamba ruhusa ile inaweza kuondolewa wakati wowote.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Ndani ya buti kulikuwa na ndoo ya koki, madumu ya maji, ngoma na bendera. Katibu alisimama mlangoni na chupa ya sanitaiza akimnyunyizia viganjani kila anayepanda. "Shikamoo mzee, lete mikono." Mzee mwenyewe alikuwa ameanza kuishangilia timu ilipokuwa bado inaitwa Sunderland, akapewa siti ya mbele bila mjadala. Mimi nilikaa katikati, pembeni ya mama mmoja wa makamo ambaye basi zima lilimwita Sista, kwa sababu ni muuguzi wa zahanati. Kabla hata hajaweka pochi yake chini alisukuma kioo cha dirisha mpaka mwisho, akakijaribu mara mbili kama kinakaa.

Ubungo tulipita chini ya nguzo za madaraja ambayo yalikuwa bado yanajengwa, na kutoka Kimara hadi Kibaha ni vumbi tupu la upanuzi wa barabara. Watu wakafunga vioo. Vumbi lilipokwisha hawakuvifungua. Kufikia Chalinze nyimbo zilikuwa zimepamba moto na barakoa zangu zimeshuka videvuni, moja baada ya nyingine. Sikushangaa sana: mtu haimbi na kitambaa mdomoni akasikika. Kilichoniuma ni kijana wa vuvuzela. Alikuwa nyuma yangu, amevaa barakoa vizuri kabisa, imefunika pua na kidevu, na vuvuzela inalia. Nikageuka nione anafanyaje. Alikuwa ameitoboa. Tundu la mviringo katikati, kingo zimechomwa kwa kiberiti zisichanike nyuzi, na mdomo wa vuvuzela umepita humo sawasawa. Tabaka tatu za kitambaa, mshono wa kurudia, na mtu amepitisha kiberiti. "Dada fundi," akaniambia kwa heshima zote, "hii ningekuambia uniwekee na kifuniko cha zipu." Nikamwambia ya zipu bei yake ni nyingine.

Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita hamsini hivi. Dereva akapunguza mwendo, na nikamwona twiga kwa mara ya kwanza maishani mwangu, amesimama karibu na lami akitafuna kwa utaratibu. Nusu ya basi hawakugeuza shingo. Walikuwa wanabishana.

Hoja ilianzishwa na katibu mwenyewe, ambaye kwa kweli hakuona sababu ya ligi kuendelea. Kenya, alisema, shirikisho lao lilifunga msimu Aprili 30 na kuwapa Gor Mahia ubingwa. Uganda wakawapa Vipers, Rwanda wakawapa APR, hao wawili mwezi Mei. Sisi Machi tulikuwa na pointi 71 na Azam waliokuwa wa pili walikuwa na 54. "Wangetupa kombe letu tukakaa nyumbani. Tunasafiri kilomita zaidi ya 800 kutafuta kitu ambacho tayari tunacho?" Mtu mmoja akadakia kwamba Burundi wao walicheza mpaka Aprili, wakati karibu dunia nzima imelala, na Mei wakarudi tena uwanjani. Mwingine akataja Wajerumani, walioanza tena Mei 16 bila mtu jukwaani.

Aliyemjibu katibu ni kijana mwembamba aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Anachezea timu ya daraja la chini na anaishi kwa posho. "Katibu, wewe unaangalia msimamo kutoka juu. Juu ligi iliisha Machi. Angalia chini." Akaanza kuhesabu kwa vidole: timu ziko 20, nne za mkiani zinashuka moja kwa moja, nyingine mbili zinakwenda mchujo. Ukifunga msimu na kusema msimamo ubaki ulivyo, umewashusha watu wenye mechi kumi za kujiokoa. Ukisema hakuna kushuka, basi hakuna kupanda, na wale waliokuwa wanapigana huku chini mwaka mzima umewaambia warudi mwanzo. "Na mshahara wa mchezaji ni huo huo wa mechi. Hakuna mechi, rais wa klabu hapokei simu."

Sijasikia hoja iliyonishika zaidi ya hiyo, wala siku ile wala baadaye. Tulipopita Mbarali jioni, hakuna kati yetu aliyejua kwamba majira hayo hayo Ihefu, timu ya huko huko, ingeiondoa Mbao kwenye mchujo na kupanda Ligi Kuu. Singida United, Lipuli, Alliance na Ndanda zikashuka. Ubingwa wa Simba ungeweza kutolewa bila dakika hata moja ya Juni wala Julai; Ihefu ilizihitaji zote. Anayeuliza kama michezo irudi wakati wa ugonjwa huwa anamfikiria bingwa, maana picha yake ndiyo inayotoka gazetini, kumbe bingwa ndiye mwenye shida ndogo kuliko wote.

Ruaha Mbuyuni joto lilitufungulia vioo bila kuombwa. Mibuyu imejaa bonde zima, na kandokando ya barabara vitunguu vimepangwa kwenye nyavu nyekundu; wenzangu walisema hata vitunguu vya huku ni vya Simba. Tukala, tukanawa kwenye ndoo yetu ya koki kwa foleni nzuri, kila mtu na sabuni yake. Katibu alituangalia kwa fahari. Sista naye alituangalia, ila alikuwa na swali.

"Mikono mmenawa. Sasa mnachovuta ni nini?"

Kwa sababu baada ya hapo ni Kitonga. Sikuwa nimeelezwa habari za Kitonga na naomba msomaji wa pwani aelewe: barabara inapanda ukutani. Lori la kwenda Zambia lilikuwa mbele yetu likinguruma polepole, na kwenye kona niliona paa la basi lingine chini ya miguu yetu. Nilishika kiti cha mbele na kukaa hivyo mpaka juu. Na huko juu hewa ni nyingine. Tulipofika Ilula kioo cha kwanza kikafungwa, cha pili kikafuata, na tulipokuwa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, basi zima lilikuwa limejifunga isipokuwa dirisha letu. Ndani humo watu wanaimba, wamekaa bega kwa bega, vioo vimeanza kufanya ukungu.

Lawama zikaanza kutoka nyuma. Funga hapo, mama, tunakufa na baridi. Sista hakupandisha sauti. Alisema zahanati kwao wagonjwa wa kifua kikuu wanahudumiwa madirisha yakiwa wazi, mvua inyeshe isinyeshe, kwa sababu vijidudu vinavyokaa hewani havina habari na sabuni. "Miaka yote tunafanya hivyo. Huu wa sasa nao ni wa kifua. Kwa nini niufungie ndani?" Mtu akamjibu kwamba redioni wanasema kunawa na kukaa mita moja. "Mita moja?" akauliza Sista, akatazama kulia na kushoto kwake, mimi nikiwa nimembana huku na begi langu likimbana kule. Watu wakacheka, lakini vioo havikufunguliwa.

Yaliyofuata yalichukua njia yote ya Mafinga, katikati ya misitu ya Sao Hill ambayo nilitamani kuitazama kwa utulivu. Katibu, ambaye ni mtu wa taratibu, alipendekeza kila dirisha liachwe wazi upana wa viganja viwili. Ikapita. Kisha ikaibuka kesi ya viganja vya nani. Waliokaa upande wa upepo wakalalamika kwamba wanabeba mzigo wa basi zima, wakadai kubadilishana siti na wa upande wa pili kila baada ya mji. Hiyo nayo ikapita, ikatekelezwa mara moja tu, Mafinga, kwa vurugu ambayo konda alisema hajawahi kuiona katika kazi yake. Makambako palituonyesha upepo ni nini. Mzee wa Sunderland alikuwa anatetemeka. Nilikuwa na furushi la vitambaa vya mabaki, nikamkunjia kimoja chekundu shingoni na kingine kichwani. "Ahsante, mwanangu. Lakini mwambie Sista asifunge," akasema. "Marehemu mama yenu aliondoka kwa kifua kikuu. Tulikaa chumba kimoja, dirisha tumeziba kwa gunia."

Hakuna aliyelalamika tena mpaka Igurusi.

Miezi michache baadaye nilisoma habari ya basi lingine, la China, nikawa kama nimemsikia Sista akizungumza. Januari 2020, katika mkoa wa Zhejiang, mabasi mawili yaliwapeleka waumini kwenye ibada, safari ya dakika 50 kwenda na dakika 50 kurudi. Basi la kwanza walikuwa 60, hakuumwa hata mmoja. La pili walikuwa 68, na abiria mmoja alipanda na korona bila kujua. Walioonekana na virusi, yeye akiwemo, ni 24. Kiyoyozi kilikuwa kinazungusha hewa ile ile. Waliokaa kwenye madirisha yanayofunguka karibu wote walisalimika, hata waliokuwa mistari ya jirani na mgonjwa. Na ibada yenyewe, iliyochukua muda mrefu kuliko safari na kufanyika kwa sehemu kubwa nje, ilikuwa na watu wengine 172, wakaugua saba. Sijui kama kuna mtu wa mipango ya michezo aliyeisoma habari hiyo. Ingemwambia kwamba amesimama na kipima joto kwenye geti huku hatari imepita zamani kwa njia ya barabara kuu.

Tulifika Mbeya usiku, tukagawanywa kwenye gesti. Baridi ya Juni ya Mbeya haina utani. Maji ya bomba yalinichoma vidole. Mama mwenye gesti alinisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile," akaona nimekodoa macho, akahamia Kiswahili na kuniletea ndoo ya maji ya moto. Wageni wake wa kawaida ni madereva wa malori ya Tunduma. Mwezi Mei, upande wa pili wa mpaka, Nakonde, Zambia ilitangaza wagonjwa 76 kwa siku moja na kuufunga mpaka kwa siku kadhaa. Malori yakasimama kwa foleni, na madereva wakageuka watu wa kuogopwa kila walikolala. Gesti ikakaa tupu. Sasa vyumba vyote vilikuwa vimejaa mashati mekundu. Nikamuuliza, mama, hutuogopi? "Nawaogopa, mwanangu. Ndiyo maana mashuka nayaanika juani na madirisha yote asubuhi nafungua. Lakini njaa nayo naiogopa, na hiyo naijua sura." Kilo moja ya sukari ilikuwa imepanda, akaongeza, na akaenda zake.

Asubuhi katibu alitupanga uani na kipima joto chake cha kuelekeza kwenye paji la uso, alichokinunua kwa michango. Wa kwanza akasoma 33. Wa pili 34. Mzee wa Sunderland hakufika hata 33. Kijana wa vuvuzela akatangaza kwamba kwa vipimo hivi tawi zima tumeshafariki, tuombewe. Ni baridi tu ilikuwa imepoza ngozi, lakini kwa joto la namna hiyo hata mwenye homa angepita bila kuguswa.

Kuhusu mechi nina machache. Ilikuwa sare ya bila kufungana, na iliyostahili kuwa hivyo. Prisons walikaba kama watu wanaolipwa kwa kukaba, Simba walicheza kama watu wanaojua kwamba sare inawatosha. Lakini jukwaa lenyewe nilitaka kuliona, na niliona. Sokoine ni uwanja wa wazi. Mlima Loleza uko juu yako, jua linachoma usoni huku upepo unapita mgongoni, na harufu ya mtu aliyekaa mstari wa mbele haikufikii. Watu walikuwepo wa kutosha, wengine wamevaa barakoa, wengi hawakuvaa. Sista alikaa kwa raha siku nzima, akanunua karanga, akaimba. Nilipomuuliza mbona leo hana kesi na mtu, alinyoosha kidole angani. "Kesi ya nini? Paa liko wapi?"

Mapumziko nilimpigia mdogo wangu Temeke. Alikuwa anatazama kibanda umiza. Nyuma yake nilisikia kelele zilizonifanya nisogeze simu mbali na sikio. Banda lile nalijua: mabati juu, mapazia meusi yameteremshwa ili picha ionekane, mabenchi yamesongamana, mlango mmoja, na kiingilio mia tano. Alisema wamejaa mpaka mlangoni.

Hapo ndipo nilipoachana na wale wote waliokuwa wakisema mpira urudi ila bila mashabiki, kama Ujerumani. Mjerumani ukimfungia uwanja anakwenda sebuleni kwake. Ana televisheni, ana kochi, amekaa na mke na watoto ambao analala nao nyumba moja hata hivyo. Ukimfungia uwanja mtu wa Temeke, au wa Mwanjelwa ya Mbeya, hujamwondoa kwenye mkusanyiko. Umemtoa kwenye hewa ukamwingiza chini ya mabati. King'amuzi cha Azam kiko nyumba moja kati ya nyingi mtaani, na banda ndilo sebule yetu. Kama ningeulizwa mimi, ningeacha watu wa Mbeya waingie Sokoine kwa nafasi, ningewaambia wenye mabanda waitoe televisheni uwanjani nje au wafunge, na mabasi ya ugenini kama letu ningeyazuia yasitoke Temeke. Timu isafiri, shabiki abaki kwao. Nalisema hilo bila kujuta kwenda. Nilikwenda, nilifurahi, na sheria ingekuwepo ningebaki kushona.

Lakini yote hayo ni makadirio ya fundi. Ili mtu aseme kwa hakika kwamba kurudi kwa ligi kulikuwa salama au hakukuwa, anahitaji kujua wangapi waliumwa wiki mbili baada ya mechi fulani, katika mji fulani. Takwimu za mwisho zilizotangazwa kabla ya ligi kurudi zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo idadi ya jumla haikutolewa tena mwaka huo. Ligi ilisimama tukiwa tunahesabu, ikarudi tukiwa tumeacha kuhesabu, kwa hiyo wanaosema mpira haukumdhuru mtu na wanaosema ulidhuru wote wanasema kwa kukisia. Mimi sishoni nguo bila kipimo, hata mteja aniahidi vipi kwamba mwili wake naujua.

Kipenga cha mwisho kilipopulizwa, watu walikumbatiana kana kwamba korona ilikuwa habari ya nchi nyingine. Pointi 79, mechi sita mkononi, ubingwa wa tatu mfululizo. Kombe lenyewe hatukuliona. Lilikabidhiwa Ruangwa, Julai 8, kwenye mechi ya Namungo. Mzee wa Sunderland alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa changu cha mabaki.

Tulirudi Jumatatu, Juni 29, siku ambayo shule zote nchini zilifunguliwa. Kuanzia Uyole hadi Makambako barabara ilikuwa na wanafunzi kila kituo, wenye masanduku na magodoro yaliyokunjwa, wanapigania mabasi. Yale mabasi yalikuwa yamejaa kuliko letu, na vioo vyote vimefungwa. Sista aliyahesabu kwa muda, kisha akaacha. Ndani kwetu watu walikuwa wamelala, sauti zimewakauka, na hakuna aliyekumbuka kanuni ya viganja viwili. Alizunguka mwenyewe siti hadi siti akifungua vioo vya waliolala, na waliogutuka hawakuthubutu kumwambia kitu.

Karibu na Mikumi simu yangu ikaita. Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, kule kwetu, alitaka barakoa za darasa zima la saba, rangi ya bluu, haraka. Nikamuuliza darasa lina watoto wangapi, akanitajia idadi iliyonifanya nimwombe arudie. Nikamuuliza kuhusu madirisha.

"Madirisha yako, fundi, ila ni nondo tupu. Vioo tunasubiri mchango wa wazazi."

"Mwalimu, huo mchango msiuharakishe."

Akacheka sana, akadhani namtania, halafu akaniuliza kama kwa mzigo mkubwa namna ile siwezi kumshushia mpaka mia saba kila moja.